Mzee aliyepiga simu na kusema "hamkumjua"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natayarisha kipindi cha michezo cha jioni redioni, huu ni mwaka wangu wa pili. Mwezi uliopita alifariki mchezaji wa zamani ambaye watu walimpenda mno, nasi tukapewa saa mbili nzima za kumuenzi. Tulisoma wasifu wake, tukapiga nyimbo za huzuni, tukafungua simu. Nilidhani mambo yanakwenda vizuri mpaka mzee mmoja alipopiga na kusema hewani, "Mnamsoma tu. Hamkumjua," akakata. Tangu siku hiyo sina amani. Tulikosea wapi? Na yale mabaya yake ambayo kila mtu anayajua, tuyaseme au tuyafunike?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole na msiba, maana anayeandaa kipindi cha namna hiyo naye ni mfiwa, ila hapati nafasi ya kulia.

Mzee wako alisema kweli. Mlichofanya ni kusoma cheti: alizaliwa mwaka fulani, alisajiliwa timu fulani, alifunga mabao kadhaa, alitundika daluga, amefariki. Hayo yote mtu anayapata kwenye simu yake kabla chai haijapoa. Anayewasha redio siku ambayo kipenzi chake amekufa hatafuti habari. Habari anayo, na ndiyo iliyomfanya awashe redio. Anataka amsikie akicheza, walau mara moja tu. Kazi yenu katika saa mbili zile ilikuwa kumrudisha uwanjani, na ninyi mlimwacha amelala pale pale mlipomkuta.

Redio inaweza kazi hiyo kuliko chombo kingine chochote. Joe Kadenge wa Kenya alipofariki Julai 7, 2019, waliomlilia wengi hawakuwahi kumwona akigusa mpira. Walizaliwa yeye akiwa ameshaacha kucheza zamani. Lakini wote walikuwa na maneno matatu mdomoni: "Kadenge na mpira". Maneno hayo yaliingizwa masikioni mwa watu na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, na yakatoka uwanjani yakaingia mitaani, mpaka mtoto anayekimbia na mpira wa makaratasi akawa anajitangaza mwenyewe hivyo hivyo. Mbotela naye alifariki Februari 2025. Mchezaji hayupo, mtangazaji hayupo, na ukitamka maneno yale matatu leo bado unaona mtu anakokota mpira. Hakuna wasifu uliosomwa studio ukafanya hivyo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kutafuta si wasifu. Ni sauti.

Nenda maktaba ya sauti kabla hujaandika hata mstari mmoja. Tafuta matangazo ya mechi yake kubwa, tafuta mahojiano yake, hata yale mabaya yaliyorekodiwa kwenye korido huku watu wanapita. Ukipata bao, usilianzie kwenye bao. Hili ni kosa la karibu kila mtayarishaji mpya: anakata kipande kinachoanza na "Goooo!" kwa sababu ndicho kinachosisimua. Anza sekunde 15 au 20 nyuma, mpira ukiwa bado unapigwa hovyo katikati ya uwanja na mtangazaji akiwa bado hajui kitakachotokea. Msikilizaji wako anajua. Hapo ndipo roho inapomruka, kwa sababu anajua mpira unakoelekea na mtangazaji hajui. Kisha bao likishaingia, usiikate shangwe. Iache ishuke yenyewe mpaka usikie mtu mmoja mmoja, yule mwenye firimbi, yule anayepiga kelele peke yake. Ndipo useme, kwa sauti ya kawaida kabisa, jina lake. Jina tu.

Ukitaka kusikia nguvu ya jambo hili, tafuta matangazo ya redio ya Juni 22, 1986, Argentina na Uingereza, uwanja wa Azteca, Mexico City. Aliyetangaza ni Víctor Hugo Morales, mtu wa Uruguay aliyekuwa akiwatangazia Waargentina. Diego Maradona anachukua mpira upande wake wa uwanja, anawapita Waingereza mmoja baada ya mwingine kwa muda wa kama sekunde 10, na Morales anaanza kama mtangazaji na kumaliza kama mtu aliyeokotwa barabarani: analia, anaomba radhi, anamwita Maradona kishada cha angani na kumuuliza ametoka sayari gani. Maradona alipofariki Novemba 25, 2020, na Argentina ikatangaza siku tatu za maombolezo, sauti ile ilirushwa tena na tena duniani kote. Na hebu fikiria: picha za bao lile zipo, tena nzuri. Watu walikuwa na picha na bado walitaka sauti. Picha inakuonyesha alichofanya. Sauti ya mtu anayeshindwa kujizuia inakuonyesha alivyokuwa kwa waliokuwa wakimtazama.

Si lazima iwe sauti ya mtangazaji. Bondia Muhammad Ali alipofariki Juni 3, 2016, kuna kitu kimoja ambacho mtayarishaji yeyote angeweza kukitafuta bila kufikiri mara mbili: umati wa Kinshasa usiku wa Oktoba 30, 1974, ukiimba "Ali, boma ye!", yaani "Ali, muue!" kwa Kilingala. Mpinzani wake, George Foreman, anakwenda chini raundi ya nane, lakini kile kiitikio cha umati kinatosha kueleza kwa nini mtu wa Louisville, Marekani, alikuwa na ndugu kila mahali.

Utaniuliza, na kama sauti haipo? Mara nyingi haipo. Kanda zilifutwa ili zirekodiwe kitu kingine, au hazikurekodiwa kabisa. Hapo ndipo utundu unapohitajika. Chukua mfano wa Wilson Kiprugut Chumo, aliyefariki Novemba 1, 2022. Alikuwa Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki: shaba ya mita 800, Tokyo 1964, na miaka minne baadaye akachukua fedha Mexico. Kijana wa leo ukimwambia "shaba ya mita 800" anaitikia kwa heshima na kuendelea na shughuli zake. Lakini mbio ile ina urefu wake: Kiprugut alitumia dakika 1 na sekunde 45.9. Muda huo ni wa redio kabisa! Andika simulizi ya mbio zile, mzunguko wa kwanza, kengele, mwendo wa mwisho nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada, kisha isome hewani kwa saa ya kuhesabia sekunde mkononi, ili neno la mwisho litoke pale pale alipovuka mstari wa mwisho. Mwambie msikilizaji mwanzoni kwamba ndivyo utakavyofanya. Hakuna atakayegusa kitufe cha redio. Mimi nimewafanyisha wanafunzi wangu zoezi la namna hiyo mara nyingi, na kila mara wanashangaa jinsi dakika moja na robo tatu ilivyo ndefu mtu anapokimbia ndani yake.

Jambo hili linahitaji maandalizi, na maandalizi hayafanywi siku ya msiba. Utasikia wenzako studio wakisema mnamchuria mzee wa watu. Waache waseme. Vyombo vikubwa vina mafaili ya watu mashuhuri walio hai, na Pelé alipolazwa mwishoni mwa Novemba 2022, vipindi vya kumuenzi vilikuwa vimetayarishwa zamani. Alifariki Desemba 29. Kumchuria mtu ni kumwombea afe. Kumtengenezea faili ni kumheshimu kiasi cha kutotaka kumbabaisha siku yake. Tena kuna faida usiyoitegemea: ukianza kutafuta sauti za mtu akiwa hai, unaweza kumpigia simu mwenyewe. Umhoji. Umwulize ile pasi ya mwaka ule aliiona vipi. Magwiji wengi wa zamani hawajapigiwa simu na mtu wa redio kwa miaka, na wakipigiwa huongea mpaka betri iishe. Kilichorekodiwa hapo ni dhahabu, na yeye mwenyewe ameipata heshima yake huku akiisikia kwa masikio yake.

Sasa taarifa yenyewe ya kifo. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Machi 2025 huko Bulgaria, kabla ya mechi ya Arda Kardzhali na Levski Sofia, wachezaji walisimama duara la kati, wakainamisha vichwa, wakatulia kumkumbuka mchezaji wa zamani wa Arda, Petko Ganchev. Ganchev alikuwa hai, mzima wa afya. Klabu ikaomba radhi siku hiyo hiyo. Tunacheka sasa, lakini jaribu kuwa mke wa mtu yule mbele ya televisheni. Pelé naye aliwahi "kuuawa" na CNN mtandaoni mwaka 2014, miaka minane kabla ya siku yake. Na upande wa pili wa kosa ni mbaya zaidi: Januari 26, 2020, Kobe Bryant alipokufa katika ajali ya helikopta huko Calabasas pamoja na binti yake Gianna mwenye miaka 13 na watu wengine saba, habari ilisambaa kabla mamlaka hazijawafikia jamaa wote wa waliokufa. Sherifu wa Kaunti ya Los Angeles alilalamika hadharani. Katika saa zile za mwanzo kulitangazwa mambo ya uongo matupu: kwamba mabinti wote wanne walikuwemo, kwamba mchezaji mwenzake wa zamani Rick Fox alikuwemo. Fox alikuwa hai, simu yake ikiwaka moto.

Kwa hiyo: hamtangazi mpaka mpate uthibitisho wa familia, klabu au hospitali, na mmoja wenu aisikie sauti ya mthibitishaji kwa sikio lake. Ujumbe uliosambazwa si uthibitisho hata ukisambazwa na mtu mia. Mkichelewa dakika 20, hakuna msikilizaji atakayekumbuka. Mkimzika mtu aliye hai, watawakumbuka hadi mtakapozikwa ninyi.

Tuje kwenye simu za wasikilizaji, kwa sababu ndipo mlipompata mzee wenu na ndipo mlipompoteza.

Nina hakika, bila kusikia kipindi chenu, kwamba mtangazaji alikuwa akiuliza: "Umeipokeaje taarifa hii?" Swali hilo lina jibu moja tu duniani: "Kwa kweli nimeipokea kwa masikitiko makubwa." Mtu wa pili atasema hivyo, wa tatu atasema hivyo, wa kumi ataongeza "sana". Swali la kuuliza ni: "Ulikuwa umekaa wapi siku ile?" Uone kipindi kinavyofunguka. Mmoja alikuwa juu ya mti nje ya uwanja. Mwingine alikuwa mtoto, akisikiliza kwa baba yake na kukatazwa kupumua. Mwingine alibeba begi la viatu vya marehemu mara moja tu, na anajua mpaka leo kwamba kamba za kiatu cha kushoto zilikuwa za rangi tofauti. Uliza alichokiona mtu, usimuulize anavyojisikia. Hisia zitakuja zenyewe, zimepanda mgongoni mwa kile alichokiona.

Anayepokea simu kabla hazijaingia hewani awe mtu wenu mwenye akili nyingi kuliko wote, siyo mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyekuja juzi. Aandike mstari mmoja kwa kila anayepiga: ameona nini? Asiye na alichokiona ashukuriwe kwa upole, salamu zake zisomwe baadaye kwa pamoja. Wenye kitu wapangwe, na msiwaweke kwa kufuata nani alipiga kwanza. Simu ya kuchekesha iingie baada ya nzito. Ndiyo, ya kuchekesha. Watu wakikaa msibani wanacheka, na marehemu mwenyewe pengine alikuwa mcheshi. Kipindi cha saa mbili kisicho na kicheko hata kimoja si heshima, ni adhabu.

Na mtafuteni aliyemkaba! Hili watu husahau kabisa. Mnawapigia wachezaji wenzake, kocha, mwenyekiti wa klabu, wote wanasema alikuwa mtu mzuri na mwenye nidhamu. Beki wa timu pinzani aliyelazwa chini mara tatu katika dakika moja ndiye shahidi. Yeye hana sababu ya kusifu, kwa hiyo akisifu inaingia. Gary Lineker alikuwa uwanjani Azteca siku ile na jezi ya Uingereza, na ameeleza kwamba bao la pili la Maradona lilimfanya atamani kumpigia makofi. Sifa ya namna hiyo haipatikani kwa rafiki.

Shane Warne, bingwa wa kriketi wa Australia, alifariki ghafla Thailand Machi 4, 2022, akiwa na miaka 52. Saa chache kabla alikuwa ameandika mtandaoni rambirambi zake kwa mwenzao Rod Marsh aliyefariki siku ile ile. Nalitaja hili kwa sababu moja ya utendaji: aliyekupa rambirambi asubuhi anaweza kuwa marehemu jioni. Tunzeni kila sauti. Msifute.

Kuhusu kimya. Niliwahi kufanya kazi kituo kimoja, sitakitaja, na mimi ndiye niliyependekeza tusimame dakika nzima ya kimya hewani kwa ajili ya mwanariadha mmoja. Wazo zuri, nilijiona mkubwa. Sikumwambia fundi mitambo. Sasa mitambo ya redio ina kifaa kinachosikiliza kama kuna sauti. Kikiona kimya kimezidi sekunde kilizopangiwa, kinaamini studio imekufa na kinaingiza chenyewe muziki wa akiba. Sekunde ya 30 tukiwa tumeinamisha vichwa, ikaingia dansi ya harusi, ngoma na tarumbeta. Studio tulikuwa hatusikii, maana tulikuwa tumepunguza spika kwa heshima. Tuliambiwa na simu.

Kimya kitupu redioni hakifanyi kazi hata kama kifaa hicho kimezimwa. Mtu aliye barabarani anadhani redio yake imeharibika, anaanza kubonyezabonyeza. Kama mnataka dakika ya kimya, rusheni kimya chenye watu ndani yake: uwanja uliotulia, bendera zikipepea, mtu akikohoa mbali. Au makofi. Mwaka 2005 George Best, nyota wa zamani wa Manchester United, alipofariki, mashabiki wa viwanja kadhaa Uingereza walipiga makofi dakika nzima badala ya kunyamaza, na tangu hapo desturi hiyo imeenea. Kwa redio makofi ni baraka.

Lakini kuna kimya kingine ambacho hamruhusiwi kukigusa. Mchezaji mwenzake wa zamani yuko kwenye simu, anaeleza walivyokuwa wakilala chumba kimoja kambini, na katikati ya sentensi sauti inakatika. Mtangazaji asiyezoea anaruka mara moja: "Pole sana mzee, tunaelewa, jikaze." Usiruke. Hesabu kimoyomoyo mpaka saba. Atarudi mwenyewe, na sentensi atakayorudi nayo ndiyo watu watakayoisimulia kesho. Asiporudi, ndipo umwambie kwa sauti ya chini, "Tupo na wewe, mzee," basi. Kama ameshindwa kabisa, agana naye, usimng'ang'anize ili tu kipindi kipate machozi. Mstari kati ya kusubiri na kukamua ni mwembamba, na msikilizaji anausikia kabla yako.

Maneno sasa. "Ameacha pengo lisilozibika." Ondoa. "Tumempoteza jembe." Ondoa. "Kazi ya Mungu haina makosa" mwachie mfiwa aseme akitaka. Ninyi msimsemee, hasa kama hamjui alikufaje. Na "marehemu" itoshe mara moja au mbili. Nimewahi kusikia kipindi ambacho mtangazaji alisema "marehemu akapiga chenga, marehemu akafunga", nikaona maiti inakimbia wingi ya kulia. Akiwa uwanjani ni jina lake, au lile la utani walilompa mashabiki. Afe mwishoni mwa simulizi, si katika kila sentensi.

Umeuliza kuhusu mabaya yake. Nadhani swali hili ndilo lililokusumbua zaidi, ingawa umeliweka mwisho.

Msiyafunike, na msiyafanye mada. Wasikilizaji wanayajua, mkiyaruka watajua mmeruka, na kuanzia hapo hata mema mnayoyasema yatasikika kama risala. Kila aliyemsimulia Maradona kwa uaminifu alitaja kokeini, kwa sababu bila hiyo huelewi miaka yake ya mwisho uwanjani wala uzito wa kile alichokuwa amekipata kabla. Jitajieni kanuni moja: jambo lililobadilisha maisha yake ya mchezo, au lililoumiza watu wengine, linatajwa kwa sentensi zilizo wazi, bila mzaha na bila mafumbo. Jambo ambalo ni udaku tu, nani alikuwa na nani, linabaki nje. O.J. Simpson alipofariki Aprili 10, 2024, hakuna chombo kilichoweza kusimulia yadi zake za mpira wa Kimarekani bila kesi ya mauaji ya watu wawili aliyoachiwa huru Oktoba 1995. Huko haikuwa hiari: kuna familia mbili zilizokuwa zikisikiliza. Jiulize kila mara, nani anasikiliza? Mjane, ndiyo. Lakini pia yule aliyeumizwa.

Mfiwa mwenyewe akiamua kusema, mpisheni. Golikipa wa Ujerumani Robert Enke alipojitoa uhai Novemba 10, 2009, mjane wake, Teresa, alikaa mbele ya waandishi siku iliyofuata akaeleza ugonjwa wa sonona ambao mumewe aliuficha kwa miaka. Alifanya hivyo kwa hiari yake. Ikiwa kifo ni cha namna hiyo, msielezee njia iliyotumika wala msimpigie mtu simu kuuliza kwa nini; toeni namba ya mahali pa kupata msaada. Hapo hakuna mjadala, Shirika la Afya Duniani limeshawaandikia wanahabari mwongozo.

Mambo madogo mawili nisije nikasahau. Kagua matangazo ya biashara yote ya saa hizo mbili kwa mkono wako, hasa ya kamari na ya pombe, nimesikia binti wa mtu akimlilia baba yake, na sekunde iliyofuata jitu likipiga kelele "Shinda leo!" Na vipande vya mechi vina wenyewe, kwa hiyo mjue haki za matangazo ni za nani kabla ya kurusha.

Sasa mzee wako. Kituo chenu kina daftari au kompyuta inayohifadhi namba za wanaopiga. Namba yake imo. Mpigie wewe mwenyewe, mchana, msiwe hewani. Usijitetee na usimwombe arudi kipindini. Mwambie ulisikia alichosema, kisha umuulize alikuwa amekaa wapi. Bonyeza kitufe cha kurekodi, umwambie kwamba unarekodi, halafu nyamaza.